Manowari ya Bomba Tatu

Mto Songwe unaoteremka kutoka nyanda za Mbeya na kupita Galula hauendi baharini. Humwaga maji yake katika Ziwa Rukwa, na ziwa hilo halina mlango wa kutokea. Lipokeacho hukaa humo mpaka jua likinywe. Bonde hilo, ambalo kwa miaka mingi lilihesabiwa katika wilaya ya Chunya, liko mbali na pwani kiasi cha kuwa mtu aliyezaliwa humo wakati wa utawala wa Wajerumani aliweza kuishi umri wake wote bila ya kuona chombo kilicho kikubwa kuliko mtumbwi. Hata hivyo, mnamo Februari na Machi 1917, nyumba za misheni ya Mtakatifu Moritz hapo Galula ziligeuzwa ngome. Askari Waafrika waliotoka Rhodesia ya Kusini walizingirwa ndani yake, na askari Waafrika wa Wajerumani wakawa nje wakiwapiga risasi.

Wanaosimulia jinsi vita vilivyofika bondeni huko huanza aghalabu na majenerali na mipaka. Hawakosei. Walakini iko njia nyingine ya kuifuata habari hiyo, nayo huanzia katika kiwanda cha merikebu cha Kiel, kando ya bahari ya Baltiki, mwaka 1905, ambako uliwekwa mkuku wa manowari iliyopewa jina la Königsberg. Manowari hiyo iliundwa kwa ajili ya bahari, lakini baharini ilifanya kazi ndogo. Kazi yake kubwa ilifanyika nchi kavu, na uzito wake ukaangukia mabega ya watu ambao wengi wao hawakuiona kamwe.

Kwanza yafaa kueleza ilivyoundwa, maana katika umbo lake ndimo ilimokuwa shida yake. Königsberg haikuwa katika daraja la manowari kuu, zile ngome zielezo zilizojengwa kwa chuma kinene ili zisimame safu moja na kupigana na wenziwe. Ilikuwa manowari nyepesi ya mbio, jamii inayoitwa kruza. Kazi ya kruza ni kupeleleza mbele ya manowari kubwa, na panapokuwa vita katika bahari za mbali, kuzinasa merikebu za biashara za adui. Ilishushwa majini tarehe 12 Desemba 1905, ikaanza utumishi Aprili 1907. Urefu wake tangu omo hata tezi ulikuwa mita 115, na upana wake mita 13 na kidogo. Ilichukua mizinga 10 ya kipenyo cha sentimeta 10.5, ambayo kombora lake lilifika zaidi ya mita 12,000. Mizinga hiyo ilipangwa miwili omoni, miwili tezini, na mitatu kila ubavu, hivi kwamba ikipiga kwa ubavu mmoja ilitumia mitano. Chuma cha kuilinda kilikuwa hasa katika sitaha. Mabaharia wake, pamoja na maofisa, walipita 300 kidogo.

Mbio zake zilikuwa maili za baharini 24 kwa saa, na hilo ndilo lililowafurahisha walioichora. Mvuke wa kuiendesha ulitoka katika boila 11 zilizochochewa kwa makaa ya mawe. Akiba yake ya makaa ilikuwa kiasi cha tani 800, nayo iliweza kuipeleka maili 5,700 na zaidi, ila kwa sharti moja: iende polepole, maili 12 kwa saa. Ikitaka kukimbia, yaani ikitaka kufanya lile iliyoumbiwa, akiba hiyo iliyeyuka upesi mno. Basi kila iendapo kasi, njaa yake huja mbio zaidi kuliko adui. Waingereza walikuwa na bandari za makaa katika pembe zote za Bahari ya Hindi, toka Aden na Bombay hata Mombasa na Unguja. Wajerumani walikuwa na pwani moja tu, nayo iliweza kufungwa siku ya kwanza ya vita. Kosa hili halikuwa la mafundi wa Kiel. Wao walitengeneza walichoagizwa. Waliokosea ni wale waliopeleka chombo kama hicho mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kukilisha.

Königsberg ilifika Dar es Salaam mapema mwezi wa Juni 1914, ikiongozwa na nahodha Max Looff. Watu wa mji walimiminika kuitazama. Hawakujishughulisha na jina la mji wa Prussia ambalo ndimi zao hazikulizoea. Walihesabu dohani zake, wakaiita manowari ya bomba tatu. Jina hilo lilienea pwani nzima, na huenda ndilo jina bora zaidi ambalo chombo hicho kilipata, kwa kuwa lilisema kilichoonekana: moshi. Watawala walipenda iwe hivyo. Hazikuwa zimepita hata miaka kumi tangu vita vya Majimaji, na manowari yenye dohani tatu bandarini ilikuwa hotuba isiyohitaji mkalimani.

Tarehe 31 Julai, siku chache kabla ya Uingereza kuingia vitani, Looff aling'oa nanga. Manowari tatu za Waingereza zilizotumwa kumchunga zilimpoteza gizani. Tarehe 6 Agosti, karibu na pwani ya Arabuni, aliinasa merikebu ya Kiingereza, City of Winchester, iliyochukua chai ya Bara Hindi. Hiyo ilikuwa merikebu ya biashara ya kwanza kwake kuinasa, na ikawa ya mwisho. Makaa aliyoyakuta ndani yake yalikuwa hafifu. Majuma yaliyofuata aliyatumia katika kutafuta makaa na kuviziana na merikebu yake ya akiba, Somali. Wakati huohuo Wajerumani wa Dar es Salaam walizamisha gati lao la kuelea katika mlango wa bandari, wakaifunga bandari yao wenyewe. Manowari haikuwa na pa kurudi isipokuwa katika vijito vya Rufiji.

Mdomo wa Rufiji umegawanyika matawi mengi yaliyofunikwa na mikoko, na maji yake hupwa na kujaa kwa namna inayompumbaza mgeni. Ramani za Waingereza zilikuwa za zamani. Wajerumani walikuwa wameyapima matawi hayo kwa merikebu yao ya upimaji, Möwe, wakajua lipi lina kina. Tarehe 3 Septemba Königsberg ilipanda mtoni ikatia nanga Salale. Tena maji hayo yanayosukumana na bahari pale Rufiji hutoka kwa sehemu katika Nyanda za Juu za Kusini: Ruaha Mkuu huanza Usangu, jirani ya Chunya, ukapita chini ya Iringa na kuungana na Rufiji. Mto uliobeba manowari hiyo na nchi iliyokuja kulipa gharama yake ni majirani kuliko ramani inavyodhihirisha.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914, watu wa Unguja waliamshwa na mizinga. Looff alikuwa amepata habari kwamba manowari ya Kiingereza imo bandarini. Ilikuwa Pegasus, chombo kilichoshushwa majini 1897, ambacho wakati huo kilikuwa kimesimama kwa matengenezo ya mitambo na hakikuweza hata kung'oa nanga. Mizinga yake haikufika mbali. Königsberg ilisimama nje ya masafa hayo ikapiga. Waliokuwa ufukoni waliona makombora ya Pegasus yakianguka majini kabla ya kumfikia adui, na ya adui yakianguka juu ya sitaha. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na Pegasus ikazama siku hiyohiyo. Wengine wao wamezikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya mji. Huo ulikuwa ushindi kamili, nao ulipatikana juu ya chombo kilichofungwa kama mbuzi kambani. Wenye kuisifu Königsberg kwa tendo hilo wangefanya vema kukumbuka kwamba mshindi naye hakufika mbali: mtambo wake uliharibika, ikambidi kurudi Rufiji.

Hapo ndipo mabega yalipoanza kuhesabiwa. Fashini zilizovunjika zilitolewa mtamboni zikakokotwa kwa nguvu za watu, nchi kavu, mpaka karakana za Dar es Salaam, zikafuliwa upya na kukokotwa tena mpaka mtoni. Manowari iliyojivunia boila 11 ilikuwa sasa ikienda kwa miguu ya watu wa Uzaramo na Rufiji. Iliporudishiwa fashini zake, njia ilikuwa imekwisha fungwa. Tarehe 30 Oktoba manowari ya Kiingereza, Chatham, ilikuwa imeigundua, na mwezi wa Novemba Waingereza wakazamisha merikebu ya makaa, Newbridge, katika mojawapo ya matawi ili kuliziba. Waliita hata manowari kuu, Goliath, yenye mizinga mizito. Lakini kimo chake majini kilikuwa kirefu mno, haikuweza kukaribia, ikaishia kuupiga mji wa Dar es Salaam. Kwa miezi kadhaa ngome ielezayo na chombo kilichojificha vilitazamana kwa mbali, mikoko katikati, na malaria ikiua pande zote mbili.

Serikali ya Ujerumani ilijaribu kumlisha mwenye njaa. Februari 1915 ilituma merikebu iliyojigeuza kuwa ya Denmark, kwa jina la Kronborg, ikiwa imechukua makaa ya Königsberg, na pamoja nayo bunduki, risasi, makombora na dawa za jeshi la bara. Ilizunguka Afrika nzima. Tarehe 14 Aprili iliandamwa na manowari ya Kiingereza ikakimbilia Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikapigwa hata ikawaka moto. Waingereza wakadhani wameimaliza, wakaenda zao. Makaa hayakufika Rufiji. Lakini shehena ya silaha iliopolewa majini, risasi zikafunguliwa na kukaushwa, nazo zikawapa Wajerumani wa bara uwezo wa kuendelea kupigana. Jambo hili halipewi uzito wake. Shehena iliyokusudiwa kuitoa manowari mtoni iliwanufaisha watu wa nchi kavu, na manowari yenyewe ikabaki pale ilipo.

Mwisho wake uliletwa na vyombo viwili vya sura mbaya. Severn na Mersey vilijengwa Uingereza kwa ajili ya mito ya Brazili, vikanunuliwa na serikali ya Kiingereza vita vilipokaribia. Vilikuwa bapa kama sinia, vikizama majini kwa kimo kisichofika mita 2, vikienda kwa mwendo wa kobe. Lakini vilichukua mizinga ya inchi 6. Mtu aliyechora Königsberg angeviona vikavicheka. Tarehe 6 Julai 1915 viliingia mtoni vikiongozwa na ndege zilizoruka kutoka Mafia, kisiwa ambacho Waingereza walikuwa wamekitwaa mwezi wa Januari. Siku hiyo Mersey ilipigwa, na vyote viwili vikarudi nyuma. Tarehe 11 vikaja tena. Ndege iliyokuwa ikiwaonyesha shabaha kwa simu ya upepo ilitunguliwa, na hata ilipokuwa ikianguka waliokuwamo waliendelea kupeleka habari. Looff alijeruhiwa. Ilipofika alasiri aliamuru manowari yake ilipuliwe, ikakaa matopeni, dohani zake zikiwa bado juu ya maji.

Vitabu vingi vya bahari huifunga habari hapo. Mizinga 10 haikuharibika. Katika majuma machache yaliyofuata yote iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, na mafundi wa karakana wakaiundia magurudumu. Mtutu peke yake ulikuwa na uzito wa karibu tani moja na nusu, mbali na kitako chake na makombora yake. Palipo reli, ilichukuliwa na reli. Pasipo reli, mamia ya watu walifungwa kamba mzinga mmoja mmoja, wakaukokota katika mchanga, tope na mawe. Mmoja uliachwa Kahe, Machi 1916, ukiwa umeharibiwa na wenyewe. Mwingine ulipiga Kondoa mwezi wa Mei mwaka huohuo, na askari wa Afrika Kusini waliosafiri mbali na bahari wakashangaa kuuawa na kombora la manowari. Mmoja ulifikishwa Kigoma, ukafungwa juu ya Graf von Götzen, merikebu iliyounganishwa huko na kushushwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915.

Huo wa Kigoma ndio unaomrudisha msomaji bonde la Rukwa. Mwaka 1916 mzinga uliondolewa katika Götzen kwa kuhitajiwa mahali pengine, na mahali pake pakawekwa wa bandia. Mwezi wa Julai, Wabelgiji walipokaribia, Wajerumani wa Kigoma waliizamisha merikebu yao na kurudi nyuma Tabora. Tabora ikaanguka tarehe 19 Septemba. Jenerali Wahle, aliyekuwa na amri huko, hakujisalimisha. Alilichukua jeshi lake likiwa katika makundi, akashika njia ya kusini-mashariki kwenda Iringa, nchi ambayo Northey alikuwa amekwisha itwaa baada ya kuvuka mpaka mwezi wa Mei na kuishika Tukuyu. Mapigano ya Oktoba na Novemba yalienea toka Ruaha hata Lupembe. Kundi moja lilijisalimisha Ilembule mwishoni mwa Novemba pamoja na mzinga wa kipenyo cha sentimeta 10.5. Ni rahisi kuuhesabu miongoni mwa mizinga ya Königsberg, kwa vile kipenyo ni kilekile. Lakini huo ulikuwa mzinga mfupi wa nchi kavu, ulioletwa na merikebu ya pili ya msaada, Marie, iliyofika Sudi mwaka 1916. Mwanahistoria hana budi kuangalia urefu wa mtutu pia.

Mwezi wa Februari 1917 mmoja wa maofisa wa Wahle, Kapteni Max Wintgens, alijitenga na wenziwe akiwa na askari mia kadhaa, akaelekea magharibi kisha kaskazini. Wengi wa askari wake walitoka pande za Tabora, na kwa kila hatua walikuwa wakirudi kwao. Akateremka bonde la Songwe, akawakuta askari wa Rhodesia chini ya Tomlinson, akawafungia katika misheni ya Galula mpaka Murray alipokuja kuwaokoa mwezi wa Machi. Kisha akashika njia kupita Rukwa kwenda kaskazini. Mwezi wa Mei, akiwa mgonjwa, alijitia mikononi mwa Wabelgiji. Msaidizi wake Naumann aliendelea kuzunguka nchi hata mwezi wa Oktoba.

Hapakuwa na reli katika nchi hiyo yote, wala barabara ya magari, na wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o. Kila risasi iliyopigwa Galula ililetwa na mtu. Chukulia mpagazi mwenye ratili 50 za unga kichwani, naye ale ratili 2 kwa siku: siku ya 25 amemaliza mzigo wake, na askari aliyekusudiwa hajaonja. Hesabu hii ni ileile ya tani 800 na maili 12 kwa saa. Jeshi likienda mbali au likienda mbio, lazima lipate chakula njiani, na Königsberg ilipokosa makaa iliweza kujificha mtoni, lakini Wintgens na waliomfuata hawakujificha. Walikula ghala za vijiji. Unga ulipokwisha walichukua mtama wa mbegu, na mchukuzi alipoanguka walichukua mwenye shamba ashike mzigo. Pande zote mbili zilifanya hivyo, na wenyeji wa bonde hawakuwa na sababu ya kuona tofauti.

Wajerumani waliharibu mzinga wa mwisho wa Königsberg kabla ya kuvuka Ruvuma kuingia nchi ya Wareno mwishoni mwa 1917. Looff mwenyewe alikamatwa mwezi wa Novemba mwaka huo. Lettow-Vorbeck alipoweka silaha Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918, kusini-magharibi ya Rukwa, alikuwa na askari zaidi ya 1,100, na watu wa kuchukua mizigo waliowazidi kwa idadi; hapakuwa na hata msumari mmoja wa manowari.

Mzinga mmoja upo Mombasa, katika Ngome ya Yesu, umesimamishwa pamoja na mzinga wa Pegasus, adui wawili waliopatanishwa na kutu. Mwingine upo Pretoria. Götzen iliopolewa, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Mabaharia wa Pegasus wana makaburi yao Chapwani. Upande wa Waingereza peke yake ulihesabu wapagazi zaidi ya 90,000 waliokufa, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Upande wa Wajerumani haukuacha hesabu kamili. Katika bonde la Songwe wachukuzi hao walizikwa kando ya njia, pale walipotua mizigo, na mwaka uliofuata nyasi zilikuwa zimekwisha kuota juu yao.